Kufundisha Historia ya Mahali kwa Ramani na Nyaraka: Mfano wa Makandana, Tukuyu

Mtoto akisoma historia katika kitabu peke yake, huenda akadhani kwamba mambo makuu yalitokea mbali na kwao. Katika makala haya tunakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi jinsi ya kutumia ramani na nyaraka za kale ili watoto wa Makandana watambue kwamba ardhi wanayoikanyaga nayo ina historia.

Shabaha

Mwisho wa somo wanafunzi waweze: (a) kulinganisha ramani mbili za nyakati tofauti, (b) kueleza kwa nini jina la mahali hubadilika, (c) kupima ushahidi wa maandishi kwa ushahidi wa wazee.

Matayarisho

Mwalimu atafute ramani mbili. Ya kwanza ni ile ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki, ya kipimo cha 1:300,000, iliyotengenezwa na Paul Sprigade na Max Moisel. Ya pili ni ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000. Nyaraka za utawala wa Wajerumani na Waingereza zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Asiyeweza kufika huko atumie nakala, au achore sehemu inayohitajika kwenye karatasi kubwa.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza ni kupima. Katika ramani ya Wajerumani, sentimeta 1 ni kilometa 3. Katika ile ya pili, ni meta 500. Kwa hiyo mwendo wa kilometa 9 utaonekana kama sentimeta 3 katika ya kwanza na sentimeta 18 katika ya pili. Wanafunzi wahesabu wenyewe kabla ya kuambiwa jibu.

Hatua ya pili ni majina. Wanafunzi watafute Tukuyu katika ramani ya Wajerumani. Watakuta Neu-Langenburg, maana yake Langenburg Mpya. Mwalimu aulize: kama hii ni mpya, ya kale ilikuwa wapi? Ilikuwa kando ya Ziwa Nyasa, ambako Wajerumani walijenga boma katika miaka ya 1890 kabla ya kuhamia vilimani. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji huo, na baadaye jina la kigeni likaachwa. Hivyo jina moja linatufundisha habari za tawala mbili.

Hatua ya tatu ni kuhoji. Jina kama Mwakaleli limeundwa kama majina ya koo za Kinyakyusa. Je, mchoraji aliandika jina la mahali, au la mtu aliyetawala hapo? Wanafunzi wapeleke swali hilo kwa babu na bibi zao, waandike majibu, na kutaja aliyewajibu.

Tahadhari

Ramani haionyeshi kila kitu. Zamani vijana wa Kinyakyusa wa rika moja walijenga kijiji chao, mbali na cha baba zao. Kwa desturi hiyo vijiji vipya viliibuka kila kizazi, na ramani ya mwaka mmoja ingeweza kupitwa na wakati upesi. Tena, ramani ya mkoloni ilichorwa ili kurahisisha utawala wake. Haikuchorwa ili kuhifadhi kumbukumbu za wenyeji. Wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin walifika nchi hii mwaka 1891, nao waliandika mengi. Lakini mwalimu asikubali watoto waamini kwamba historia ya Rungwe ilianza mwaka huo. Wenyeji walikuwapo, na walikuwa na watawala wao.

Vilevile mwalimu asifundishe kwamba neno la mzee ni kweli daima. Maandishi na masimulizi yakipingana, wanafunzi waulize: nani alisema, alijuaje, na alitaka nini? Iwapo jibu halipatikani, swali liandikwe ubaoni na libaki wazi.

Kazi ya kupima maendeleo

Kila kundi lichore ramani ya Makandana ya leo, likionyesha njia, mito, shule na hospitali, na kuandika tarehe na majina ya wachoraji. Ramani hizo zitunzwe shuleni. Watoto watakaokuja baada ya miaka hamsini watazihoji kama hawa walivyozihoji zile za kale.