Keki Ndogo za Ndizi Zisizo na Gluteni

Swali likikutaka umwokee keki mgonjwa wa siliaki, usijibu "isiyo na ngano" ukaishia hapo. Shayiri na rai pia zina gluteni, protini ambayo kwa mgonjwa huyu huufanya mwili uushambulie utumbo wake mwembamba.

Tumia unga wa mchele, kikombe kimoja na nusu. Hapa ndipo penye alama: unga wa ngano ukilowa na kukorogwa, gluteni hufanya utando unaovutika na kushika gesi, keki ikaumuka. Mchele hauna utando huo, kwa hiyo mayai 2 na ndizi 3 zilizoiva sana ndivyo vinavyoshikamanisha. Tia sukari, mafuta na iliki, kisha acha rojo itulie dakika 20 ili unga unyonye maji. Ukiharakisha, keki huwa na chengachenga. Ongeza vijiko vidogo 2 vya bekingi pauda, uoke kwa nyuzijoto 180 za selsiasi kwa dakika 20 hadi 25. (Kukoroga sana, ambako hukaza keki ya ngano, hapa hakukazi.)

Zoezi: Rehema ametumia unga wa mtama, lakini ameuchekecha kwa chekeche la unga wa chapati ambalo halijaoshwa. Je, keki yake inamfaa mgonjwa? Toa sababu. (Alama 3)