MCHORAJI ANATOA WAPI PICHA YAKE?

Someni kwanza: Kutoka 31:1-11 na 35:30-35



Siku moja niliandika ubaoni: «Chora nyumba.» Tulikuwa ndani ya kalasi na watoto 42. Nilipokusanya makaye, karibu wote walikuwa wamechora nyumba moja: paa refu lenye bomba la moshi, na kando yake mti wa matofaa. Nikauliza: «Nani kati yenu amekwisha kulala ndani ya nyumba kama hii?» Wakacheka. Mmoja akajibu: «Mwalimu, nyumba ya kuchora njo iko vile.»

Jibu hilo lilinifikirisha sana. Kwa watoto hawa kuna nyumba ya kulala, na kuna nyumba ya kuchora. Ya kulala iko hapa Butembo, lakini ya kuchora iko kwa watu wengine. Kwa hiyo somo letu ni hili: mchoraji anatoa wapi picha yake? Tutaona majibu matatu: kwa vitu anavyoviona, kwa vyombo alivyo navyo mkononi, na kwa watu anaowatumikia.

1. Je, kuchora ni zambi?

Wazee wengine wanasema Kutoka 20 inakataza kila sanamu. Lakini tusome kitabu chote. Amri inakataza kuiinamia na kuitumikia sanamu. Katika kitabu kilekile Mungu anaagiza makerubi ya zahabu, na anamwita Bezaleli wa kabila la Yuda, anamjaza Roho na akili kwa kazi ya zahabu, feza, shaba, mawe na miti. Anampa tena moyo wa kufundisha wengine, pamoja na Oholiabu wa kabila la Dani.

Angalieni vema mambo mawili. La kwanza: kinara cha taa kilipambwa kwa maua ya mlozi, na upindo wa kanzu ya kuhani kwa makomamanga. Hii ni miti ya upande ule, watu waliijua. La pili: Bezaleli hakutumika peke yake. Watu walileta vitu, na wamama walisokota nyuzi kwa mikono yao. Zawadi ilitoka kwa Mungu, lakini ilipita kwa macho, kwa vyombo na kwa watu.

2. Vitu vya karibu

Tukitoka Beni kwa barabara ya Mambasa tunaingia katika msitu wa Ituri, inchi ya Wambuti. Watu wengi kwetu wanawazarau. Lakini kwa kazi ya kuchora wao ni walimu wetu. Wanaume walikuwa wanatoa ganda la ndani la mti na kuligonga kwa nyundo ya pembe ya tembo ao ya mti, mpaka likalainika kama kitambaa. Wamama ndio waliochora juu yake, kwa vidole na vijiti, na maji meusi ya tunda la msituni yaliyochanganywa na makaa. Walichora mistari inayokatana kama kamba za pori, alama kama za ngozi ya chui, na vitu kama utando wa buibui. Mahali pengine waliacha pasipo kitu, kama vile nafasi kati ya miti. Hawakununua rangi hata moja. Leo vitambaa hivyo viko ndani ya majumba makubwa ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na watu wanalipa kwa kuingia kuviona.

Jambo kama hilo lilionekana Lubumbashi, iliyoitwa zamani Élisabethville. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua pale nyumba ya kuchora. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya za kufuata. Kila mmoja alitafuta njia yake. Pili Pili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyama za pori. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi ya rangi. Bela aliacha burashi, akapaka rangi kwa vidole. Mwalimu alikuwa mmoja, lakini kazi ya huyu haikuwa kopi ya kazi ya yule.

3. Watu wanaopita

Ninyi wote munajua wale mafundi wanaoandika na kuchora kwa kuta za butiki na kwa milango ya wenye kunyoa. Musiwacheke. Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka 1956, alifika Kinshasa mwaka 1972 akatumika pamoja na mafundi kama hao. Mwaka 1975 akafungua chumba chake mwenyewe cha kazi. Aliona watu wanatupa jicho kwa picha, halafu wanapita. Basi akaanza kuandika maneno ndani ya picha, kusudi mpita-njia asimame kidogo, asome, acheke, afikiri. Njia yake ilizaliwa kwa kuangalia watu wa barabarani. Sasa jina lake linajulikana katika inchi nyingi.

4. Ukumbusho

Katika Lubumbashi ya miaka ya 1970 watu walitundika tablo ndani ya salo zao, na tablo za mambo yaliyopita waliziita «ukumbusho». Mchoraji mmoja, Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora juu ya magunia ya unga. Mwaka 1973 na 1974 alichora picha karibu mia moja za historia ya inchi yetu: wafalme wa zamani, fimbo ya wakoloni, kifo cha Lumumba, na mambo mengine. Kila picha aliieleza kwa Kiswahili. Yeye alijihesabu kuwa mwandishi wa historia. Wengine wanaandika vitabu; yeye aliandika kwa rangi, kusudi mtu asiyesoma asikose historia yake. Wakati ule haukuwa wakati wa kusema kila kitu waziwazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipotea, wala watu hawakupata tena habari yake. Picha zake zimebaki.

5. Na sisi je?

Ninarudi kwa kalasi yangu. Juma lililofuata niliandika: «Chora nyumba unayoijua wewe.» Safari hii kulikuwa mabati, migomba, mikaratusi, tanuri ya matofali, na mama mwenye kubeba kitunga kwa kamba ya kichwa.

Kati yao alikuwa binti mmoja ambaye jamaa yake ilikimbilia kwetu kutoka upande wa Beni, kwa sababu ya mauaji yaliyoanza kule katika mwezi wa Oktoba 2014. Hakuwa na rangi, akachukua kipande cha makala. Alichora nyumba ya mlango mmoja, mlango umefungwa kwa kufuli. Sufuria ilikuwa kwenye mafiga, na kuku moja kiwanjani. Kufuli ilimshinda, alifuta, akachora tena, mara tatu. Nikamuuliza: «Watu wako wapi?» Akasema: «Siye tulikuwa tumesha kimbia.»

Hakuna aliyecheka. Mwanafunzi aliyekaa naye kwa benchi moja tangu mwanzo wa mwaka alisema hakujua.

Ndugu zangu, picha ile ilikuwa na yote tuliyojifunza: kitu alichokiona kwa macho yake, chombo alichokipata, na watu wa kupokea habari. Na ile kufuli ya mara tatu inatufundisha jambo la ine: zawadi pasipo mazoezi haitoshi. Hatumlazimishi mtu kuchora maumivu yake. Anayetaka kuchora Ruwenzori na teluji yake asubuhi, achore kwa furaha. Lakini tukichora tu nyumba ya bomba la moshi, watoto wetu watauliza kesho: «Wakati ule Butembo na Beni zilikuwa namna gani?» na hatutakuwa na ukumbusho wa kuwaonyesha.

Wazazi wanauliza: «Unaenda kusoma ao unaenda kuchezea mu kaye?» Tuwajibu kwa heshima, na kwa kazi nzuri.

MAULIZO
1. Bezaleli alipewa nini zaidi ya ufundi wa mikono? (Kutoka 35:34)
2. Sababu gani Chéri Samba aliandika maneno ndani ya picha?
3. Kuna kitu gani njiani kwako ambacho unakiona kila siku, na hujakiangalia bado?

KAZI: Chora kitu hicho kwa makala ao kwa udongo mwekundu. Usifuate kitabu. Ukikosea, futa, anza tena.

Mungu awabariki.