Pakia Kirikuu Hivi, Mzigo wa Mteja Ufike Mzima
Wadau, mwaka jana kabati la mteja lilidondoka njiani kwenye kona. Nililipa mimi, mtaji ukayumba. Nilifunga kamba moja tu juu, na vizito vyote nilirundika nyuma.

Sasa nafanya hivi:

1. Kizito kinakaa chini, karibu na kichwa cha gari. Ukikirundika mwisho wa bodi, mbele panakuwa pepesi, tairi za mbele hazishiki barabara vizuri na usukani unacheza.

2. Funga kamba mbili kwa msalaba, kila ncha kwenye ndoano ya bodi.

3. Baada ya kilomita chache simama, kaza tena. Mzigo ukitikisika unashuka, kamba zinalegea.

Usimwachie dereva kila kitu. Mteja anakudai wewe, sio yeye.