Julai Usiamke Alfajiri: Kuvua kwa Ndoano Miezi ya Baridi

Kuanzia katikati ya Juni hadi Agosti ikiisha, mabwawa mengi kati ya Kanduyi ya Bungoma na Kitale ya Trans Nzoia hukosa wavuvi. Mtu huenda saa kumi na mbili asubuhi kama alivyozoea Februari, akakaa kwenye umande hadi suruali ikalowa magotini, na chelezo hakitikisiki. Saa tatu anarudi nyumbani akisema samaki wameisha, au wamebebwa na watu wa nyavu usiku.

Hawajaisha. Joto la mwili wa samaki ni joto la maji aliyomo, na maji yakipoa tumbo lake husaga chakula polepole. Aliyekuwa akila mchana kutwa Februari, Julai hula saa chache tu, tena kidogo kidogo. Kazi ya mvuvi ni kuzijua saa hizo, na kwa huku kwetu si za alfajiri. Msimu huu unamfaa mvivu: lala, kunywa chai, kamua ng'ombe kama unaye, utoke saa nne ikishapita.

Ngege wa Mto Nile, yule aliyejaa katika mabwawa ya kufugia, hunawiri maji yakiwa kati ya nyuzi 27 na 31. Yakishuka chini ya 20 hamu yake ya kula hupungua sana, na yakikaribia 16 huacha kabisa. Sasa Kanduyi iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kitale iko karibu 1,900. Ukipanda matatu Kanduyi, ukapita Webuye, Kamukuywa na Kiminini, utashukia Kitale kwenye baridi iliyozidi ya kwenu kwa nyuzi tatu hivi. Kwa mtu mwenye sweta hilo si neno. Kwa ngege, nyuzi tatu zaweza kuwa tofauti ya kula na kufunga. Ndiyo maana mbinu inayokupa samaki Bungoma mwezi wa Julai yaweza kukuaibisha siku hiyohiyo Trans Nzoia.

Nunua kipimajoto. Kile cha kupimia joto la vifaranga, kinachouzwa kwenye maduka ya agroveti, kinatosha. Kifunge kwenye kamba pamoja na jiwe, kizamishe urefu wa mkono, ukiache dakika mbili tatu, kisha ukisome haraka kabla hewa haijakibadilisha. Nyuzi 22 na kuendelea, vua kama kawaida. Kati ya 18 na 21, mbinu nitakazoeleza hapa ndizo zenye kazi. Chini ya 17, nenda kapalilie sukuma wiki.

Bwawa lenyewe nalo ni la kuchaguliwa. Huku kuna aina mbili kubwa. Kuna mabwawa madogo ya kufugia samaki, mengi yakiwa yamechimbwa baada ya mpango wa serikali wa kuinua uchumi wa mwaka 2009: bwawa la kawaida la mpango ule ni mita za mraba 300, na kina chake ni mita moja na ushee. Halafu kuna mabwawa ya zamani ya mashamba makubwa ya Trans Nzoia, yenye ukuta wa udongo upande mmoja, mapana na yenye kina. Bwawa kubwa huchelewa kupoa, kwa hiyo Juni, baridi inapoanza, anza na hilo. Likishapoa, huchelewa pia kupata joto. Ikifika Julai na Agosti, subiri siku ambayo jua limewaka tangu asubuhi, uende kwenye bwawa dogo: jua la saa nne au tano hulipandisha joto mpaka samaki wakaamka.

Ukifika, usikae pale penye kivuli kizuri. Angalia takataka. Upepo wa mchana huisukuma ile ngozi ya juu ya maji, ambayo ndiyo iliyopata jua, mpaka upande mmoja wa bwawa, nayo hubeba majani makavu, povu na wadudu waliokufa. Penye takataka ndipo penye maji ya moto na chakula. Maana yake ni kwamba utakaa upepo ukikupiga usoni, na haipendezi, lakini ngege hawakuja kwa ajili yako. Kaa mbali na mdomo wa mfereji unaoingiza maji. Mvua ya jana ya Mlima Elgon bado inateremka pale, baridi na rangi ya chai ya maziwa, na ngege huikwepa. Usipoteze muda pia kwenye yale mashimo ya duara yaliyo chini ya maji pembezoni, ambayo madume huyachimba kwa mdomo ili kuwaita majike. Miezi ya joto dume hukaa hapo akilinda na kushambulia kila kinachopita. Maji yakipoa huacha kuzaliana, na mashimo hubaki matupu.

Kuhusu kina, jihadhari na ushauri wa video za Marekani. Wenzetu wa kule huvua samaki aitwaye besi katika maziwa wakati wa majira ya baridi, na kila mtaalamu wao atakuambia ushushe ndoano hadi chini kabisa. Kwao ni sawa. Maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4, kwa hiyo ziwa likiganda juu, yale ya chini ndiyo yenye joto kidogo. Maji yetu hayakaribii huko. Chini ya bwawa la Kiminini mwezi wa Julai kuna baridi, tope, na hewa haba ya kupumua. Ngege wako juu zaidi, nusu mita hadi mita moja, wakiota jua kupitia maji. Jambo moja tu la Wamarekani hao tulichukue: polepole. Chambo kisikimbie, mkono usiharakishe.

Hapa ndipo wengi hupoteza samaki. Wakati wa joto ngege hunyakua chambo na kukimbia nacho, chelezo kikazama hata mtoto akaona. Wakati wa baridi huja taratibu, akafyonza, akatema, akafyonza tena. Ukiwa na chelezo kikubwa cha kizibo cha chupa hutaona kitu, utavuta ndoano tupu mchana kutwa na kulaumu samaki wadogo. Kata kipande cha malapa ya zamani, kiwe chembamba na kisizidi punje ya harage. Kitoboe kwa sindano, pitisha mshipi, kibane kwa kijiti. Kisha ongeza chubwi ndogondogo za risasi moja moja, sentimita 20 hivi juu ya ndoano, huku ukikijaribu pembeni, mpaka chelezo kibaki na ncha tu juu ya maji. Chelezo kilichopimwa hivyo kinakueleza kila kitu. Kikilala ubavu, samaki ameinua chambo na uzito umetoka, vuta. Kikisogea upana wa kidole kinyume cha upepo, vuta. Kikitetemeka bila kwenda popote, ngoja, bado anaonja. Na kuvuta kwenyewe ni kuinua kiganja tu, si kumrusha samaki hadi kwenye mahindi.

Mshipi uwe mwembamba, unene wa milimita 0.20 unatosha, na ndoano iwe ndogo, namba 12 au 14. Kumbuka namba ikizidi ndoano hupungua, maana muuzaji asiyevua anaweza kukupa kinyume. Fimbo ya mwanzi ya mita tatu haina kasoro yoyote kwa kazi hii, na kwa kweli inashinda zile za dukani za bei rahisi zenye rili inayokwama.

Chambo cha baridi ni kidogo. Nyungunyungu mwekundu wa kwenye samadi ya ng'ombe, yule mwembamba, ndiye bora: kata kipande cha urefu wa ukucha, kifunike ncha ya ndoano basi. Ugali nao unafaa, lakini ukande upya na unga kidogo wa dagaa ili unuke, kwa kuwa ule wa jana huwa mgumu majini na ngege hawatautafuna. Ukitaka kuwavuta, tupa pumba ya mahindi kiasi cha vidole vitatu, kila baada ya robo saa. Nimeona watu wakimwaga kopo zima mara moja wakidhani wanakirimu. Samaki mwenye hamu ndogo akishashiba pumba, ndoano yako ataipitia kando.

Saa zenyewe: tano asubuhi hadi nane mchana, tisa ukibahatika. Baada ya hapo Kitale huanza kukusanya mawingu, na mwezi wa Agosti mvua ya mawe si jambo geni.

Kambare, ambaye wengi hapa humwita mumi, ana kanuni zake, tena karibu kinyume cha ngege. Huyu hutafuta kwa harufu na sharubu, hapendi mwanga, na ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, kwa hiyo tope na maji mazito hayamsumbui. Mfereji ule niliokuambia uukwepe, kwa kambare ndio kituo. Mvua kubwa ikinyesha mchana bila baridi kali, rudi jioni kuanzia saa kumi na mbili, ukae pale maji mapya yanapoingilia kwenye nyasi zilizofunikwa. Tumia ndoano kubwa, namba 2 hivi, mshipi mnene, na uache chelezo nyumbani: chubwi ikae chini, chambo kilale kwenye tope. Utumbo wa kuku uliolala siku moja, au kipande cha ini, kitasambaza harufu hata kwenye maji baridi. Wapo wanaotega kwa kipande cha sabuni ya mche na wanapata. Mimi bado nachagua utumbo. Kambare hughairi upesi akihisi uzito, kwa hiyo mshipi uwe legevu, mwachie aende nao hatua mbili ndipo uvute. Ukimtoa, mshike nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya miiba ya mapezi ya kifuani. Mwiba ule ukikuchoma, wiki nzima hutashika jembe.

Wanaotaka besi mwenyewe wasitafute Bungoma. Hapa Kenya makao yake ni Ziwa Naivasha, alikopandikizwa mwaka 1929 kutoka Marekani. Naivasha ina mwinuko unaokaribiana na wa Kitale, lakini ziwa kubwa halipoi ghafla kama bwawa, na besi huendelea kula kwenye maji ambayo yangemfungisha ngege. Huvuliwa kwa mashua, pembezoni mwa mafunjo na visiwa vya gugumaji, ambako huvizia windo. Chakula chake kimojawapo ni kamba wekundu wa maji matamu, asili yao Louisiana, walioingizwa ziwani mwaka 1970, kwa hiyo chambo bandia chekundu au cha kahawia kinachoburutwa chini polepole, kikisimama kila mara, ndicho humdanganya. Pitia kwanza kwa maafisa wa uvuvi ujue kama ziwa limefunguliwa na leseni gani inatakiwa, na usisimame ufukweni penye mafunjo jioni, maana viboko hutoka kula majani. Na tafadhali, usijaribu kurudi na besi hai kwenye debe ukampande katika bwawa la mjomba. Atamaliza vifaranga vya ngege, na kuhamisha samaki hai namna hiyo bila idhini ni kosa.

Radi nayo nisiipite. Ukanda huu wa magharibi una radi nyingi, na mtu aliyesimama kwenye ukuta wa bwawa akiwa na fimbo ndefu iliyolowa ndiye kitu kirefu kuliko vyote pale. Fimbo za kaboni za dukani hupitisha umeme moja kwa moja. Ukisikia ngurumo ya kwanza, laza fimbo chini, uondoke, na usijifiche chini ya mkaratusi.

Ukifika bwawani asubuhi ya siku iliyofuata mawingu mazito, ukakuta ngege wamejaa juu wakifungua na kufunga midomo, usifurahi. Hawali, wanakosa hewa. Mimea ya majini haikupata jua la kutosha jana, na usiku kucha kila kiumbe kimekuwa kikipumua hewa ileile iliyobaki. Usitupe ndoano. Mwambie mwenye bwawa afungulie maji mapya na asitishe chakula mpaka samaki washuke wenyewe. Miezi hii ya baridi chakula kipunguzwe hata bila dalili hizo, kwa sababu kisicholiwa huoza na kuimaliza hewa. Maafisa wa uvuvi wa kaunti, wakiwemo wale wa kituo cha samaki cha Chwele, huulizwa mambo haya kila mara, kwa hiyo asione haya kwenda.

Na kabla ya kutupa ndoano kwenye bwawa lolote la mtu, bisha hodi kwanza. Wenye mabwawa hawa walinunua vifaranga, wakanunua chakula, na wengi wameibiwa usiku kwa nyavu. Ukipewa ruhusa, rudisha majini kila ngege asiyefikia urefu wa kiganja chako, na ukiondoka mwachie mwenyewe samaki wa mboga ya jioni.