Darasa la Ramadhani, Siku ya 16: Umepona, Sasa Unaanzia Wapi?



Jana baada ya tarawehe mvua ilitufungia msikitini karibu nusu saa, mkaumbuka wenye haraka. Mazungumzo yakaenda kwa wagonjwa. Ndugu yetu mmoja aliyekuwa amelazwa muda mrefu akauliza swali ambalo sikutaka kulijibu kwa haraka. Alisema: "Ustadhi, nilipokuwa kitandani nilimwahidi Mwenyezi Mungu mambo mengi. Sasa nimepata nafuu, naona yananitoka moja baada ya jingine. Nifanye nini?"

Nimelilalia swali hilo, na darasa la leo ni lake. Lakini tusidanganyane, ni letu sote. Nani hapa hajawahi kuahidi kitu akiwa na homa?

Kwanza ajue kwamba hali yake inajulikana, na ameisemea Mola mwenyewe. Katika Surat Yunus, aya ya 12, tumeelezwa habari za mwanadamu ambaye akiguswa na madhara humwita Mola wake akiwa amelala ubavu, akiwa amekaa, akiwa amesimama. Akiondolewa yale madhara, hupita zake kana kwamba hakuwahi kuita. Tazameni huo mpangilio: kulala, kukaa, kusimama. Ni mgonjwa anayepata nafuu taratibu, na kadiri anavyonyanyuka ndivyo kumbukumbu inavyokaribia kuondoka.

Sasa tuje kwenye hukumu, maana hapa watu wengi wanachanganya. Yapo maneno mawili tunayoyasema kitandani. La kwanza ni nadhiri: "Mwenyezi Mungu akiniponya, nitachinja mbuzi nilishe maskini," au "nikisimama, nitafunga siku tatu kwa ajili ya Allah." Hilo ni deni. Umepona, lilipe. Halingojei parachichi ziuzwe kama uwezo unao leo. Na ambaye kweli hawezi aje tuzungumze, kuna mlango wa kafara, asikae nalo kifuani miaka kumi.

La pili ni azma: "Nikipona nitakuwa karibu na wanangu, nitaacha maneno ya watu, nitapatana na kaka yangu." Hilo hukuliapia wala hukuliwekea nadhiri, kwa hiyo hakuna kafara. Lakini msilidharau. Mara nyingi azma ndiyo inaonyesha moyo ulikuwa unalilia nini. Mtu akiwa anaumwa sana hakumbuki ngozi ya sofa. Anakumbuka deni la dukani, ndugu aliyenuniana naye, swala alizokuwa anazikimbiza. Ugonjwa unapanga foleni upya: waliokuwa nyuma wanaletwa mbele.

Hebu tumtazame Sa'd bin Abi Waqqas, radhi za Allah ziwe juu yake. Huyu ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Mwaka wa 10 Hijria, katika Hija ya Kuaga, aliugua Makka ugonjwa mkali mpaka akaona amefika mwisho. Mtume (s.a.w.) akaenda kumjulia hali. Sa'd akamweleza kwamba maumivu yamefikia pale anapopaona, na kwamba yeye ana mali, na hana wa kumrithi ila binti mmoja. Akaomba atoe sadaka theluthi mbili za mali yake. Akaambiwa hapana. Nusu? Hapana. Theluthi? Akakubaliwa theluthi, na akaambiwa hata hiyo theluthi ni nyingi, kwa sababu kuwaacha warithi wako wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wanapita kwa watu wakinyoosha mikono.

Mimi napenda kusimama hapa. Mgonjwa yule alitaka kufanya jambo kubwa kwa mara moja. Ni tabia ya aliyeona kifo: anataka kufidia miaka 30 kwa siku moja. Mtume hakumkatisha tamaa, alimrudisha kwenye kipimo. Kisha akamwonyesha kitu ambacho Sa'd hakukitaja kabisa: kwamba chochote anachokitoa kwa kutafuta radhi za Allah ana malipo yake, hata tonge analolitia kinywani mwa mke wake. Tonge! Mtu anawaza theluthi mbili za mali, anaambiwa angalia tonge.

Ndugu uliyepona, huenda foleni yako inaanzia hapo. Mama watoto amekuuguza usiku na mchana, amekugeuza, amekufulia, amepanda gari kwenda Makandana na kurudi. Wewe unapanga safari ya kwenda kutoa shukrani mbali, na yeye hujamwambia hata ahsante.

Habari ya Sa'd haikuishia hapo. Aliogopa kufia Makka, mji alioukimbia kwa ajili ya Allah, akauliza kama ataachwa nyuma na wenzake. Mtume akamwambia kwamba huenda akabaki mpaka watu fulani wakanufaika naye na wengine wakapata madhara. Na alibaki! Aliishi zaidi ya miaka 40 baada ya kitanda kile. Katika zama za Umar ndiye aliyeongoza jeshi la Waislamu Qadisiya, na ndiye aliyeuasisi mji wa Kufa. Akajaaliwa watoto wengine pia. Na hadithi hii katika Bukhari na Muslim tunaipata kwa njia ya mwanawe aitwaye Amir. Siku baba yake alipokuwa anahesabu warithi, Amir hakuwemo kwenye hesabu.

Kwa hiyo mgonjwa asijifungie mahesabu yeye mwenyewe. Daktari anasema anachokiona, naye tunamheshimu na kumsikiliza, lakini daftari la umri haliko wodini.

Lakini nguvu je? Maana wengine mnasema, "Ustadhi, nimepona kwa jina tu. Nikipanda kilima cha kuja msikitini napumzika mara tatu." Kumbukeni Nabii Ayyub, alayhi salaam. Alipoomba, kwa adabu kubwa, akitaja tu kwamba dhara limemgusa na kwamba Mola wake ni Mwenye kurehemu kuliko wote, hakuambiwa anyanyuke akimbie. Katika Surat Saad aliambiwa apige ardhi kwa mguu wake, na hapo palikuwa na maji ya kuogea na ya kunywa. Mola aliyeweza kuyatoa maji bila mguu wa Ayyub alimtaka atumie mguu. Jambo dogo, la kiasi cha mtu aliyedhoofika. Yule mwenye kiharusi anayefanya mazoezi ya vidole kila asubuhi kama alivyofundishwa hospitali, huyo anapiga ardhi kwa mguu wake. Na anayemaliza dozi ya kifua kikuu mpaka kidonge cha mwisho hali amekwisha kuona nafuu tangu mwezi wa pili, naye vilevile. Msikatishe dawa, jamani, eti kwa sababu kikohozi kimekata. Ugonjwa unarudi ukiwa sugu, na unaiambukiza nyumba.

Na hapa niseme ukali kidogo, mnivumilie. Kuna wanaotaka kuonyesha nguvu zao kwa kufunga kabla mwili haujaruhusu. Mtu ametoka kupasuliwa, au anakunywa dawa mara tatu kwa siku, au sukari yake haijatulia, anasema "nitajikaza". Ruhusa ya mgonjwa iko ndani ya aya zilezile zilizofaradhisha funga, Surat al-Baqara, aya ya 184 na ya 185. Anayeikataa ruhusa mpaka akajidhuru hajamzidi yeyote uchamungu. Mwenye ugonjwa unaotarajiwa kupona anafungua, kisha analipa siku hizo baada ya Ramadhani. Mwenye ugonjwa wa kudumu ambao waganga wanaoaminika wamesema hautamruhusu kufunga tena, anatoa fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku, naye hadaiwi funga. Na aliyefungua kwa ugonjwa akafariki kabla hajapata nafasi ya kulipa, familia msihangaike, hana deni. Ila aliyepona, akawa na miezi ya kulipa, akazembea mpaka Ramadhani nyingine ikamkuta, huyo katika madhehebu yetu ya Shafi analipa siku zake na juu yake kibaba kwa kila siku.

Swala ndiyo haina likizo, lakini ina wepesi. Imran bin Husayn alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala. Akaambiwa aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Kiti kilichoko safu ya nyuma pale msikitini si cha wazee peke yao. Uliyetoka kuumwa, kikalie bila haya. Na nyie vijana mnaomwangalia mtu akikaa, angalieni sehemu yenu ya kusujudia.

Haya ya kuona haya yananipeleka kwenye jambo la wanaume. Mwaka 2014, mwezi wa Novemba, Rais wetu wa wakati ule, Mheshimiwa Jakaya Kikwete, akiwa na miaka 64, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Wakubwa wengi wangeficha. Yeye aliwaambia Watanzania ni ugonjwa gani, kwamba uligunduliwa mapema, na akawahimiza watu wakapime afya. Angeweza kusema "uchunguzi wa kawaida" na tukanyamaza. Mkuu wa nchi kutaja tezi dume hadharani si jambo dogo katika jamii ambayo mzee anaamka mara tano usiku kwenda haja ndogo na anasema ni baridi ya Rungwe. Baridi ipo, sikatai. Lakini mara tano, mzee wangu, nenda ukapimwe.

Ndio maana nasema katika foleni yako mpya weka na hili: ugonjwa wako uwafae wengine. Sikulazimishi kutangaza siri yako. Sitara ni haki yako. Lakini kama unaweza kumshika mwenzako pembeni baada ya swala ya alasiri ukamwambia, "mimi nilianza hivi, nikachelewa hivi, wewe usichelewe," huenda sadaka yako ikawa hiyo.

Tena kupona si lazima kurudi kwenye kiti kilekile. Hapahapa wilayani kwetu tunamkumbuka Profesa Mark Mwandosya, aliyekuwa mbunge wa Rungwe Mashariki na Waziri wa Maji. Mwaka 2011 aliugua na kupelekwa India kwa matibabu. Mwaka 2012 aliendelea kuwamo katika Baraza la Mawaziri, safari hii akiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, asiye na wizara maalumu. Yaliyomo moyoni mwake anayajua yeye na Mola wake. Mimi nachukua mfano tu: mtu anaweza kubadilishiwa mzigo na bado akawa na kazi. Wewe uliyekuwa unabeba magunia ya viazi, au unaendesha bodaboda mpaka usiku wa manane, kama daktari amesema basi, usione umeshushwa. Kaa dukani, tunza miche ya parachichi, fundisha watoto alifu na bee. Na watoto wa mwenye kuumwa, acheni kumuuliza baba kila siku "utarudi lini kazini".

Sasa, ndugu muuliza swali, hili ni jibu langu kwako moja kwa moja. Leo baada ya futari, kabla hujatoka kwa tarawehe, chukua karatasi. Andika yale uliyoyaahidi ukiwa kitandani, yote, hata yale ya aibu. Nadhiri ziweke alama, hizo ni deni. Kisha andika madeni ya watu: dukani, kwenye kikundi cha kukopeshana, kwa jirani aliyelipa nauli ya kukupeleka hospitali ukasahau. Jirani huyo anaweza kuwa si Muislamu. Deni lake ni deni, na huenda ndiye aliyekuletea maziwa na ndizi mwezi mzima, nenda kamshukuru kabla ya Idi.

Halafu wasia. Wengi wetu shamba la chai au migomba halina karatasi hata moja, na anayejua mpaka uko wapi ni wewe peke yako. Ulipolazwa, watoto walikuwa wanaogopa mambo mawili, na la pili ni hilo. Andika nani anakudai, unamdai nani, miparachichi ipi umepanda kwenye ardhi ya kaka yako kwa makubaliano gani. Ukitaka kuacha kitu kwa asiyekurithi, kisizidi theluthi, kama alivyoambiwa Sa'd. Weka mashahidi wawili waadilifu. Wasia hauharakishi kifo, na anayesema hivyo mwambieni Sa'd aliulizia habari za wasia akaishi miaka 40 na zaidi.

Yaliyobaki kwenye karatasi, yaani yale ya kupatana na watu, chagua moja kwa kumi hili la kati. Moja tu. Piga simu, au nenda kwa miguu kama hali inaruhusu. Kumi la mwisho chagua jingine.

Ee Mola, waponye wagonjwa wetu walioko majumbani, Makandana, Igogwe na Mbeya. Wape subira wanaowauguza, na waliotangulia warehemu. Amin.

Matangazo: wanaohitaji kusaidiwa kuandika wasia, nitakuwa msikitini kesho na keshokutwa baada ya alasiri. Njoo na kalamu, na kama huwezi kuandika, njoo na mtoto wa darasa la saba. Darasa la kesho in shaa Allah ni kipimo cha kibaba: mchele, unga au ndizi?