Bwawa la mbalamwezi

SWALI: Nimeona picha ya Edward Steichen ya mwaka 1904, mwezi ukichungulia nyuma ya miti kando ya bwawa. Ina rangi ya samawati, ilhali filamu za rangi hazikuwapo. Ni picha kweli, au mchoro?

JIBU: Ni picha, ila kamera ilifanya nusu tu ya kazi. Steichen aliipiga Mamaroneck, jimbo la New York, akaichapa kwa platinamu, kisha akaongeza matabaka ya gundi ya mgunga iliyochanganywa na rangi na kemikali inayohisi mwanga. Gundi hiyo ikipigwa na mwanga huwa ngumu na kung'ang'ania karatasi. Palipokosa mwanga huyeyuka majini. Hapo ndipo mkono huingia: kwa brashi, msanii huamua ukungu ubaki wapi na kivuli kiwe kizito kiasi gani.

Wakosoaji walilalamika kwamba wapiga picha waliofanya kazi kwa njia hii waliwaiga wachoraji. Wengine kweli walizidisha. Steichen hakuzidisha, na alikuwa mchoraji pia. Nakala zinazojulikana za picha hii ni tatu, na hazifanani. Moja ilinadiwa mwaka 2006 kwa zaidi ya dola milioni 2.9, mbili zimo katika makumbusho ya New York.