SOMO LA USHIRIKA: Kuainisha Winchi za Umeme na Vyombo vya Kunyanyulia kwa Ajili ya Ushuru wa Forodha

Madhumuni ya somo

Madhumuni ya somo hili ni kumwezesha Katibu wa chama, pamoja na wanachama wa kamati ya ununuzi, kuelewa jinsi vyombo vya kunyanyulia mizigo vinavyopangwa katika makundi ya ushuru wa forodha. Wapo wanaodhani kwamba kazi hiyo ni ya wakala wa forodha peke yake. Dhana hiyo si sahihi. Wakala hujaza hati kwa kufuata maelezo aliyopewa, na maelezo yakiwa pungufu, hasara huwa ya chama. Fedha inayolipia hasara hiyo ni hisa za wanachama.

Kitabu cha ushuru

Tanzania imo katika Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kazi tarehe 1 Januari 2005. Nchi zilizomo hutumia kitabu kimoja cha ushuru kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya. Kila bidhaa ina namba yake, na msingi wa namba hizo ni mfumo wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 1988, unaosimamiwa na Shirika la Forodha la Dunia lenye makao yake Brussels. Tarakimu mbili za kwanza huonyesha Sura, nne za kwanza huonyesha kifungu, na sita huonyesha kifungu kidogo. Hadi hapo namba ni moja kwa nchi zote zinazofuata mfumo huo. Jumuiya yetu huongeza tarakimu mbili, zikawa nane.

Viwango vikuu vya ushuru ni asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kimeongezwa cha asilimia 35. Kwa kawaida malighafi na mitambo ya uzalishaji huwekwa katika 0, bidhaa za kati katika 10, na bidhaa zilizokamilika katika 25. Hivyo namba ndiyo huamua kiwango. Jina la mtaani haliamui kitu.

Jina moja, vyombo vingi

Ugumu wa kwanza hutokana na lugha ya kazini. Katika bandari ya Dar es Salaam, mtambo mrefu unaoshusha makasha melini huitwa winchi. Katika gereji za Mbagala, chombo kinachoning'inizwa kwenye boriti ili kung'oa injini ya gari nacho huitwa winchi. Ngoma ya waya iliyofungwa mbele ya gari, ya kulivuta kutoka matopeni, nayo ni winchi. Mafundi huelewana kwa sababu chombo kiko mbele ya macho yao. Ofisa wa forodha huanza na karatasi, na kitabu chake hutenganisha vyombo hivyo kama ifuatavyo:

(a) Kifungu 84.25 ni cha vyombo vya kunyanyulia vyenye mnyororo au kamba na kapi, winchi za kuvutia zenye ngoma, na jeki. Chombo cha kunyanyulia chenye mota ya umeme ni 8425.11; chenbloku ya kuvutwa kwa mkono ni 8425.19. Winchi ya ngoma yenye mota ya umeme ni 8425.31, nyinginezo ni 8425.39.

(b) Jeki na vyombo vya kuinulia magari vina mahali pao katika kifungu hicho hicho. Mitambo ya kuinulia iliyojengewa ndani ya gereji ni 8425.41, jeki za mafuta ni 8425.42, nyinginezo, kama jeki ya skrubu, ni 8425.49.

(c) Kifungu 84.26 ni cha kreni: za bandarini, za minara ya ujenzi, na zile za karakana zenye daraja zima linalotembea juu ya reli.

(d) Kifungu 84.27 ni cha foklifti.

(e) Kifungu 84.28 ni cha lifti za majengo, mikanda ya kusafirishia mizigo, na mitambo mingine ya kunyanyua isiyotajwa katika vifungu vilivyotangulia.

Msomaji azingatie mtego mmoja. Chombo cha kuinulia magari, hata kikiendeshwa kwa umeme, hakiingii 8425.11, kwa sababu maneno ya kifungu hicho kidogo yanakitoa waziwazi. Kanuni ya kwanza ya uainishaji ndiyo hiyo: maneno ya kifungu, pamoja na maelezo ya Sehemu na Sura, hutangulia mambo mengine yote.

Mfano wa mafunzo

Tuchukue mfano wa chama cha mafundi wa Mbagala kilichoagiza kwa meli vitu vifuatavyo: winchi moja ya umeme ya kunyanyulia tani 1, mota yake ikiwa katika sanduku la pekee, mota nyingine ya akiba, mita 20 za mnyororo wa chuma wa akiba, na jeki mbili za mafuta. Ankara ya muuzaji imeandikwa maneno machache tu: "Vyombo vya kunyanyulia, seti 1."

Winchi na mota yake, ingawa zimefungwa mbalimbali, huhesabiwa kuwa mtambo mmoja, kwa kuwa kanuni ya pili husema kwamba kitu kilicholetwa kikiwa kimefunguliwa hupangwa kama kitu kamili. Namba yake ni 8425.11. Mota ya akiba haifuati mtambo huo. Mota za umeme zina kifungu chao, 85.01, na kifaa chenye kifungu chake katika Sura ya 84 au 85 hupelekwa huko hata kama kitatumika kama kipuri. Mnyororo wa chuma wa akiba ni 73.15, ungekuwa waya wa kusuka, ungekuwa 73.12. Jeki za mafuta ni 8425.42. Vipuri vilivyotengenezwa mahsusi kwa winchi hiyo, visivyo na kifungu chao pengine, vingekuwa 8431.10. Kwa hiyo "seti 1" imezaa namba nne.

Gharama ya kosa

Tuseme thamani ya winchi, pamoja na bima na nauli hadi bandarini, ni shilingi 8,000,000. Ikiwekwa katika kundi la asilimia 0, ushuru wa forodha haupo, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ni shilingi 1,440,000. Kwa sababu ya maelezo mabaya ikiwekwa katika kundi la asilimia 25, ushuru ni 2,000,000, na kodi hutozwa juu ya 10,000,000, yaani 1,800,000. Jumla ni 3,800,000. Tofauti ni shilingi 2,360,000, mbali na ada nyinginezo. Chama ambacho hisa moja ni shilingi 50,000 kimepoteza zaidi ya hisa 47, na hakuna mwanachama aliyeiba hata senti.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Kamati ikishauriwa kuandika vipuri vyote kuwa "mtambo" ili kukwepa ushuru, ijue kwamba kutoa maelezo ya uongo katika hati za forodha ni kosa la jinai. Faida ya siku moja haifai kuweka jina la chama hatarini.

Wajibu wa Katibu

Kabla ya kuagiza, Katibu adai ankara inayotaja kila kitu kwa mstari wake: kazi yake, nguvu inayokiendesha, uzito kinaoweza kunyanyua, idadi na bei. Aambatanishe picha na maelezo ya mtengenezaji. Penye shaka, chama kinaweza kuiomba Mamlaka ya Mapato Tanzania uamuzi wa namba kwa maandishi kabla mzigo haujafika. Mzigo ukifika, hati ziwasilishwe ndani ya siku 21 tangu meli ilipoanza kushusha. Chama kisiporidhika na uamuzi, sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inakiruhusu kumwandikia Kamishna ndani ya siku 30 ili uamuzi uangaliwe upya. Nakala za hati zote zitunzwe kwenye jalada kwa ajili ya mkaguzi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Kwa nini neno "winchi" peke yake halitoshi katika ankara?
2. Chama kimeagiza mtambo wa umeme wa kuinulia magari. Je, namba 8425.11 inafaa? Toeni sababu.
3. Mota iliyokuja pamoja na winchi yake na mota ya akiba zinatofautianaje katika ushuru?
4. Chukueni ankara moja ya chama chenu. Je, mtu asiyeuona mzigo angeweza kuuainisha kwa kuisoma tu?